Umekata dairekti debiti, bima bado iko hai

"Shikamoo dada. Nipo Leicester mwaka wa tatu sasa, nafanya kazi ya kea, yaani kuhudumia wazee, nina gari, Yaris yangu ndogo. Bima inaisha tarehe 1 Desemba. Juzi wamenitumia imeili wanasema itajirinyu yenyewe, yaani inaendelea mwaka mwingine, na bei imetoka paundi 640 mpaka 905, na sijagonga mtu wala sijadai chochote. Nimeona nyingine kwa 690. Mshkaji wangu kaniambia nisihangaike kuwapigia, niingie tu kwenye app ya benki nikate dairekti debiti, ile ruhusa yao ya kuchota hela kwenye akaunti yangu, bima itakufa yenyewe. Tena tarehe 22 Novemba nasafiri kwenda Dar, narudi mwisho wa Januari, gari itakuwa imepaki tu mtaani nje ya nyumba, haiendeshwi. Si bora nikae bila bima hiyo miezi miwili, nikirudi ndo nichukue mpya? Na nikichelewa ikajirinyu, hela yangu ndo imeenda?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo na yote yamefungana, kwa hiyo nitayajibu hivyo hivyo yalivyofungana, usichoke kusoma, maana kwenye ushauri wa mshkaji wako kuna kitu kinaweza kukugharimu kuliko hiyo 905.

Kiswahili chetu chenyewe kinatuponza kidogo hapa. Nyumbani mtu akisema anaenda kukata bima ana maana anaenda kuinunua, na hiyo bima ikifika tarehe yake inakufa, stika imeisha imeisha, hakuna anayechota hela kwenye akaunti yako, ukitaka nyingine unarudi kwa wakala unalipa ndo unapewa. Wengi tunatua Uingereza na akili hiyo. Huku kampuni nyingi za bima ya gari zinakuingiza kwenye kujirinyu tangu siku ile uliponunua, ni kale kamstari ulikokapita haraka ukitafuta kitufe cha kulipa, na kuanzia hapo ukimya wako unahesabiwa kuwa umekubali. Usipojibu ile imeili, usiku wa kuamkia tarehe 2 Desemba unaanza mkataba mpya wa miezi 12 kwa bei mpya. Na sio wizi, niseme ukweli, huku gari kukosa bima hata siku moja ni kosa, kwa hiyo kuna watu wengi tu wasahaulifu ambao kujirinyu kumewaokoa. Ila kunawaokoa kwa bei ambayo hawakuichagua.

Sasa dairekti debiti. Hiyo ni njia tu ya kupitishia hela, sio mkataba wenyewe. Ukiikata kwenye app ya benki umefunga njia, lakini kule kwa kampuni wewe bado ni mteja na bima inajirinyu kama walivyokuandikia. Wanajaribu kuchukua malipo ya kwanza yanagoma, wanajaribu tena, wanakutumia barua, mara nyingi wanakupa siku 7 hivi, usipolipa wanaifuta wao. Hapo mshkaji wako atasema si ndo tulichotaka? Hapana, angalia nani kaifuta. Kampuni ikikufutia bima kwa kutolipa, kuanzia siku hiyo kila ukiomba bima nyingine utakutana na swali kama uliwahi kufutiwa bima au kukataliwa, na itabidi ujibu ndio. Kampuni nyingine zitakukataa papo hapo, zilizobaki zitakupa bei ya kukutoa machozi. Nimekaa miaka upande ule wa simu, nikipokea wateja wa bima, na waliokuwa wananiuma sana sio waliogonga magari, ni watu wazima wenye adabu zao ambao walikata dairekti debiti tu wakaamini wamemaliza.

Afu kuna jingine. Kama unalipa kwa mwezi, huenda unalipa mkopo. Mara nyingi bima ya mwaka mzima inalipwa na kampuni ya mkopo, we unairudishia kidogo kidogo na riba juu, ndo maana kwenye makaratasi kuna ile asilimia ya mwaka ambayo hatuisomagi (ndugu zangu mnaokwepa riba, someni hapo, wengi wenu mko ndani na hamjui). Kwa hiyo kama bado una awamu moja ya bima ya sasa haijalipwa na we ukakata njia leo, umeshindwa kulipa mkopo, na hiyo inaweza kuingia kwenye rekodi yako ya mikopo, ile ile wanayoiangalia ukitaka laini ya simu ya mkataba au kukopa nyumba. Acha dairekti debiti mpaka awamu ya mwisho ipite na umepata uthibitisho kwamba hairinyuiwi. Baada ya hapo ikate ukipenda, haina madhara.

Kwa hiyo unafanyaje? Unawaambia. Ila unawaambia kwa maneno sahihi, na hapa nitaganda kidogo maana ndo pale hata wajanja wanapotelezea. Usipige simu ukasema unataka kukansel bima. Kukansel maana yake ni kuiua bima iliyopo sasa hivi, na mfanyakazi akikusikia hivyo anaweza kuifunga leo leo, ukabaki na gari barabarani haina bima, ukatozwa na ada ya kufunga, na kibaya zaidi ukaupoteza huu mwaka kwenye bonasi yako ya kutodai, ile tunaita noklemu, maana kampuni nyingi zinakupa mwaka wa noklemu ukimaliza miezi 12 yote, sio 11 na nusu. We sema hivi: sitaki bima yangu ijirinyu, iacheni imalizike yenyewe tarehe 1 Desemba. Hiyo haina faini wala ada, ni haki yako, na kwa kanuni za FCA, wasimamizi wa kampuni za bima na fedha huku, za kuanzia Januari 2022 kampuni inatakiwa ikupe njia rahisi za kuzima kujirinyu, tena wakati wowote wa mwaka, sio mpaka barua ije. Wengine wameweka kitufe ndani ya akaunti yako mtandaoni, wengine chati. Mi napenda chati kuliko simu kwa sababu maneno yanabaki, unapiga skrinishoti. Ukipiga simu, omba wakutumie imeili ya kuthibitisha na usikate simu mpaka iingie.

Na hakikisha unaongea na mwenye mkataba wako. Ukinunua kupitia tovuti za kulinganisha bei, mara nyingi aliyekuuzia ni broka, yaani dalali, na kampuni iliyoandikwa kwenye cheti ni nyingine kabisa. Ukiwapigia wa kwenye cheti watakuzungusha. Angalia nani anachukua hela kwenye statimenti yako ya benki na nani kakutumia hiyo imeili, anzia hapo.

Hiyo 905 sasa. Kuna watu wanajua nusu ya habari, kwamba siku hizi ni marufuku kumpandishia mteja wa zamani, so wanaona bei ya kurinyu lazima iwe ya haki. Kanuni hiyo ipo kweli, ilianza 1 Januari 2022 kwa bima za magari na nyumba, lakini inachosema ni kwamba kampuni isikutoze kurinyu zaidi ya ambavyo ingemtoza mteja mpya mwenye hali kama yako aliyekuja kwa njia ile ile. Haisemi bei isipande kwa wote, wala haisemi kampuni ya jirani isiwe rahisi zaidi. Kwa hiyo 905 inaweza kuwa halali na bado ikawa bei mbaya kwako. Barua yenyewe inatakiwa ionyeshe mwaka jana ulilipa ngapi, hiyo wamewekewa tangu 2017 ili mtu aone kwa macho. Na unaweza kuwabembeleza, wapigie na hiyo 690 mkononi uwaulize wanaifikiaje, biashara ni biashara hata kama hawauzi nyanya. Ila linganisha vinavyolingana: ile eksesi unayotoa mwenyewe kabla bima haijalipa ni ileile? Kioo cha gari kikivunjika wanalipa? Hiyo 690 ni ya kulipa mara moja au kwa mwezi? Bei ya mara moja ukiilinganisha na bei ya mwezi yenye riba ndani unajidanganya.

Umebahatika kitu kimoja, umeamka mapema. Mara nyingi bei inakuwa nzuri wiki tatu hadi nne kabla ya tarehe ya kuanza, ukisubiri siku mbili za mwisho inapanda, kampuni zinamuona anayenunua dakika za mwisho kama mtu wa hatari zaidi. Nunua wiki hii, weka tarehe ya kuanza 2 Desemba. Na soma saa. Bima ya zamani inaisha 23:59 ya tarehe 1, mpya ianze 00:00 au 00:01 ya tarehe 2, ambayo kwetu ni saa sita usiku na dakika moja. Nimeshaona mtu kachagua 12:00 akidhani ni usiku kumbe ni mchana, kakaa nusu siku bila bima. Usiweke pia zigongane. Bima mbili kwenye gari moja sio ulinzi mara mbili, ukipata ajali kila kampuni inamwangalia mwenzake, na noklemu yako haiwezi kutumika sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Sasa nikuulize mimi. Umesema we ni kea. Unaendesha kutoka nyumbani mpaka sehemu moja ya kazi, au unazunguka kwa wateja, asubuhi kwa bibi huyu, mchana kwa babu yule? Maana bima ya matembezi na kwenda kazini inahesabu sehemu moja ya kazi. Ukizunguka nyumba kwa nyumba unahitaji bima yenye matumizi ya kikazi, na wengine wanaiongeza kwa hela ndogo tu, mara nyingine bure. Nalisema hili kwa sababu ndo hatari ya kujirinyu ambayo watu hawaioni, wote wanaangalia bei. Bima ikijirinyu inabeba taarifa zako za mwaka jana, kazi ya zamani, anuani ya zamani, maili za zamani. Ile barua inakutaka uzikague, na chini ya sheria ya 2012 ya taarifa kwenye bima za watu binafsi, ukiombwa kuthibitisha au kurekebisha ukakaa kimya, huo ukimya unaweza kuhesabiwa kuwa umetoa taarifa isiyo sahihi. Kama ni uzembe wanaweza kukupunguzia malipo, kama ulifanya makusudi wanaweza kuibatilisha bima yote. Kwa hiyo hata hiyo 690, rudi uangalie uliandika nini kwenye matumizi. Kama uliandika vibaya, bei hiyo sio yako.

Tuje kwenye safari. Wazo la kukaa bila bima mpaka urudi kwa vile gari haiendeshwi, nalielewa, lakini mtaani haliwezekani. Tangu 2011 kosa sio kuendesha bila bima tu, ni kuwa na gari bila bima. Kompyuta inalinganisha orodha ya magari ya DVLA, ile ofisi ya serikali ya magari na leseni, na orodha ya bima, Yaris yako ikionekana upande mmoja haipo upande wa pili barua inakuja nyumbani kwako, we uko Kariakoo huna habari, baada ya hapo faini ya paundi 100, wanaweza kuifunga mnyororo au kuivuta, na ikifika mahakamani faini inaweza kufika 1,000. Hiyo ni gari imelala tu. Ukirudi Januari na uchovu wa ndege ukaiwasha kwenda dukani ukakamatwa, ni paundi 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na kama leseni yako ya huku haijatimiza miaka miwili tangu ufaulu, pointi 6 zinatosha kukunyang'anya.

Njia halali ya kukaa bila bima ni SORN, unawaarifu DVLA kwamba gari haipo barabarani. Ni bure, unafanya mtandaoni kwa namba ya tarakimu 11 iliyopo kwenye V5C, yaani kadi ya gari kwa lugha ya nyumbani, na hata kodi ya barabara ya miezi kamili iliyobaki wanakurudishia. Lakini gari yenye SORN hairuhusiwi kukaa barabarani, lazima iwe kwenye uwanja wa mtu, gereji, ile sehemu ya kupaki ndani ya geti. Kama una ndugu mwenye nafasi akakukubalia, ipeleke kabla ya kuondoka ikiwa bado na bima, na hiyo SORN ifanye isipite siku bima inapoisha. Inalipa? Kwa bima ya 690 miezi miwili ni kama paundi 115, ongeza na kodi ya barabara. Sio hela ya kudharau, ila kumbuka muda huo gari ikiibiwa au ikiungua hakuna wa kukulipa, na siku unarudi huwezi kuigusa mpaka uwe na bima mpya na kodi. Noklemu haipotei, kampuni nyingi zinaikubali mpaka miaka miwili tangu bima ya mwisho. Ningekuwa mimi, na gari inakaa mtaani, ningenunua ile ya bei nafuu ianze tarehe 2 nikaondoka na amani. Ningekuwa na kaka mwenye uwanja mkubwa Coventry ningefikiria SORN. We unajua una kaka gani.

Ukinunua mpya kuna mtego mmoja wa msafiri. Kampuni mpya itataka uthibitisho wa noklemu, wengine na picha ya leseni, na wanakupa siku chache, wiki moja mbili hivi. Usipotuma wanaifuta, na tumerudi kule kule kwenye kufutiwa. We hapo uko harusini Mbagala, imeili zao zimeingia kwenye takataka. Kwa hiyo kabla ya tarehe 22 angalia ile barua ya kurinyu, mara nyingi miaka yako ya noklemu imeandikwa humo, ihifadhi, itume siku hiyo hiyo unayonunua, na usipande ndege mpaka wakuambie wamepokea na wameridhika.

Swali lako la mwisho, ukichelewa ikajirinyu. Hapana, hela haijaenda yote. Una siku 14 za kughairi, zinahesabiwa tangu bima mpya ianze au tangu upate makaratasi, lipi limechelewa, na kurinyu pia kunahesabika, sio ununuzi wa kwanza tu. Ndani ya siku hizo watakukata hela ya siku ulizokuwa na bima na ada kidogo ya usumbufu, zilizobaki zinarudi. Zikipita bado unaweza kuifunga, ila ada inakuwa kubwa zaidi, paundi 50 hivi si ajabu, na kama kwenye huo mwaka mpya umeshadai ajali huenda wakataka ya mwaka mzima. Na uwe umeshapata nyingine kabla hujafunga hiyo.

Ikitokea walikuthibitishia hawatarinyu na bado wakachukua hela, andika malalamiko rasmi kwao kwanza, tumia neno hilo, malalamiko. Wana wiki 8. Wasipojibu au wakikujibu ovyo, unapeleka Financial Ombudsman Service, wasuluhishi wa malalamiko ya bima na benki, ni bure, usipitishe miezi 6 tangu jibu lao la mwisho. Kama tayari umeshaikata ile dairekti debiti kabla ya kusoma hapa, wapigie leo, awamu inalipika hata kwa kadi na kabla hawajafuta mara nyingi bado inarekebishika. Lakini kama tayari una barua ya kufutiwa, au ya faini, au una ajali ambayo haijamalizika, usiendelee na ushauri wa mtandaoni, wangu ukiwemo, chukua makaratasi yote nenda Citizens Advice, lile shirika la ushauri wa bure, ya hapo mjini ukakae na mtu ayasome. Na mtu akikuambia kwenye WhatsApp anakuuzia bima nusu bei, tafuta kwanza jina la kampuni yake kwenye rejista ya FCA, maana vyeti feki viko vingi na gari yako ndo itakayovutwa.

Laini yako ya Uingereza iache kwenye simu ukiwa Dar. Namba za siri za kuingia kwenye akaunti ya bima zinakuja kwa meseji, na zinakuja kwenye laini hiyo hiyo.